Tairi Zenye Kelele

Juzi nilikwenda Ukunda kuziba pancha. Nikamkuta mama mmoja mjane akichagua tairi za gari kubwa la marehemu mumewe, ambalo sasa analiendesha mwanawe. Akawa anapapasa zile za matope, zenye meno makubwa.

"Mama, njia ya Msambweni yote ni lami," akasema muuzaji. "Hizo zitavuma mpaka zikuchoshe. Chukua hizi, kimya kabisa."

"Kimya ninacho nyumbani, mwanangu. Baba wa huyu kijana wangu alipokuwa akirudi, tairi zake kama hizi nilikuwa nikizisikia tangu mbali, nikabandika maji ya chai."

Muuzaji akazishusha zile zenye meno.

Gari langu halina kelele, nami hujivunia. Jioni nilifika nyumbani, nikabisha hodi. Hakuna aliyekuwa amebandika maji.