Zamu ya Mwenzangu

Anayekuambia kazi ya kwanza hupatikana kwa bidii peke yake, ama amesahau alivyoingia ofisini au anaona haya kusema. Mimi niliingiza mguu kwa sababu ya shule niliyosoma. Ilikuwa shule ya wasichana, ya masista, na waliotutangulia ndio waliotushika mkono. Siku hizi vijana wanaita koneksheni, tena wanashusha sauti kama wanaotaja ugonjwa wa aibu. Sisi tuliita zamu, na tuliipanga waziwazi, Jumapili baada ya misa, tumeketi kwenye mabenchi nyuma ya kanisa.

Mkubwa wetu alikuwa dada mmoja aliyemaliza shule miaka minane kabla yetu. Katikati ya miaka ya sabini alikuwa anafanya kazi posta ya Busia, kwenye ubao wa simu, akichomeka nyaya na kuunganisha watu. Mtu akimpigia mwenzake kulalamika kwamba hana karani, dada alisikia. Misheni ikitafuta msichana wa kuandika majina ya wagonjwa, dada alisikia. Hakutakiwa kusikiliza, na alisikiliza. Wasichana wengi wa shule yetu waliopata kazi pale mpakani walizipata kupitia masikio ya mwanamke yule.

Tuliokuwa tumemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani alitupanga kwenye mstari. Mwenye shida kubwa zaidi kwao alitangulia, hata kama alama zake hazikuwa nzuri. Kazi ikisikika, hakumtumia habari mwenye zamu. Alimwambia anayemfuata, na huyo ndiye aliyefunga safari kumpelekea mwenzake. Wakubwa walisema hivyo ndivyo tutakavyojifunza kufurahia bahati isiyo yetu. Halafu palikuwa na sheria mbili. Aliyefikiwa na habari asiende, anarudi mkiani. Aliyeficha habari, anafutwa kabisa. Zilikuwa sheria nzuri, na waliozitunga walikuwa tayari na mishahara yao.

Mwaka wetu, wa kwanza kwenye mstari alikuwa rafiki yangu wa Khunyangu, nami wa Mundika nikamfuata. Miaka minne vitanda vyetu vilipakana bwenini. Yeye alipiga taipu bila kutazama vidole, mimi nilikuwa bado nawinda herufi moja moja. Baba yake alikuwa amemwambia wazi kwamba asipopata kazi kabla ya Krismasi ataolewa na mtu mzima mmoja aliyefiwa na mke, na ng'ombe wawili wa mtu huyo walikuwa wameshafungwa nyuma ya nyumba. Mimi sikuwa na mchumba wa kulazimishwa. Nilikuwa na mama mwenye mdomo, aliyeniuliza kila asubuhi cheti changu tutakipika na mboga gani.

Jumatatu moja ya Agosti dada aliniita posta.

"Malaba kuna mzee wa malori anataka msichana wa taipu," alisema. "Hizo fomu za forodha zimemshinda. Ni ya mwenzako. Alhamisi saa mbili asubuhi awe kwa mlango na vyeti vyake. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Basi furahi. Mbona uso iko hivyo?"

Nikacheka, nikasema nimefurahi. Miaka ile ng'ambo ya Uganda kila kitu kilikuwa haba, sabuni, chumvi, sukari, na malori yalipanga foleni Malaba usiku na mchana. Kila lori lilikuwa na rundo la karatasi. Msichana wa kuzipiga taipu asingekosa kazi maisha yake yote. Nililijua hilo, na nililifikiria njia nzima nikirudi Mundika.

Jumanne nikapanda basi hadi Bumala, kisha nikaenda kwa mguu. Sijafika kwao, nikasikia kilio. Bibi yake, Kukhu kama alivyomwita, alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku ile. Huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga, na ndiye aliyeuza fahali wake ili mjukuu aende shule.

Kwetu nyumba yenye maiti haipelekewi habari ya raha. Mtu akijifungua, akifaulu mtihani, akiokota mali njiani, anafunga mdomo mpaka kaburi lifunikwe. Na rafiki akifika kwenye kilio haondoki kabla ya mazishi. Nimelelewa hivyo na sikuwahi kuona ubaya wake. Basi nikavua viatu, nikalia na waliokuwa wakilia, nikamkumbatia mwenzangu, nikajifunga leso nikaingia jikoni. Nilimenya ndizi, nikakoroga ugali wa watu mia. Wamama wa pale walinisifu. Mmoja alisema, "Huyu msichana ana moyo." Habari ya Malaba nilikuwa nayo kifuani muda wote huo.

Alhamisi ikafika. Wanaume walikuwa wanamalizia kuchimba, jua likapanda kutoka saa mbili, likaendelea. Mchana tukamzika bibi.

Ijumaa asubuhi mwenzangu alinisindikiza hadi barabarani, na hapo ndipo nilipomwambia.

"Alhamisi gani?" aliuliza. "Si Alhamisi ni jana?"

"Ni jana."

Alichuchumaa kwenye majani kando ya barabara. Hakulia, machozi yake yalikuwa yameishia kaburini. "Si ungeniambia tu," alisema. "Kukhu mwenyewe angenisukuma niende. Ningelia nikienda."

"Ilikuwa matanga, mwenzangu. Ningeanza aje mbele ya maiti?"

Kisha akasimama, akakung'uta majani kwenye leso, akaniuliza kama nilikuwa nimekunywa chai.

Jumapili tukaitwa wote wawili nyuma ya kanisa. Dada wa simu alikuwa na hasira. Mzee wa malori alikuwa amemchukua kazini kijana mmoja aliyekuwa akipita, na huyo kijana hakujua hata karatasi inaingizwa upande gani. Mzee amepiga simu tena, kiti kiko wazi, Jumatatu anataka mtu wa kweli.

Dada akamgeukia rafiki yangu. "Wewe sema. Habari ilikufikia lini?"

Nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu.

"Huyu alikuja Jumanne," rafiki yangu alisema. "Sisi tulikuwa na maiti."

Hakuongeza neno. Wengine wakasema msiba ni msiba, asamehewe, apewe kazi yake. Dada akakataa. "Kila mtu ana maiti," alisema. "Tukianza kusamehe maiti, hakuna mstari tena." Akamrudisha mkiani, nyuma ya wasichana kumi na mmoja, akanielekezea mimi kidole. Jumatatu niende Malaba.

Nilimfuata rafiki yangu nje ya ua nikiwa nalia, nikaanza kumwambia kwamba nitarudi ndani niseme yote. Akanishika mkono.

"Nyamaza. Wakikufuta wewe, mimi bado nitakuwa mkiani, na hao ng'ombe bado wako nyumbani. Tutapotea wawili bure."

Nikanyamaza. Nitaeleza nilichokuwa nataka kusema, ila sina haraka nacho, kwa maana kimenikaa miaka yote hii na kinaweza kungoja mistari michache.

Nikaingia Malaba. Mzee wa malori alikuwa Mwislamu mtaratibu, mpole, aliyevumilia makosa yangu ya taipu mpaka vidole vilipozoea. Nilijenga nyumba kwa kazi ile, nikasomesha ndugu zangu, mama akanyamaza kuhusu mboga. Nami nikawavuta wengine sita, mmoja ghala, mmoja forodha, wengine hapohapo kwa wasafirishaji. Wananisalimia hadi leo kwa kupiga magoti kidogo, na kila mmoja anasema bila wewe, mama, ningekuwa wapi.

Rafiki yangu aliolewa wiki mbili kabla ya Krismasi. Nilienda na kitambaa cha gauni kutoka mshahara wangu wa kwanza kamili, akakipokea kwa mikono miwili, akanishukuru mbele ya watu. Zamu yake ilirudi mwaka uliofuata. Mara hii niliomba kuipeleka habari mwenyewe, nikaipeleka siku ileile, mbio mbio, bado nina vumbi la lori miguuni. Nilimkuta na mimba ya miezi saba. Mumewe akasema mke wake hapigi taipu.

Baadaye alikuwa akiuza samaki wakavu soko la Bumala. Magazeti ya kufungia samaki aliyasoma yote kwanza, akiwa ameyalaza mapajani, na wateja walikuwa wakimkemea awahudumie. Nilinunua kwake kila nilipopita, samaki wengi kuliko tulivyoweza kula. Aliniuliza habari za ofisi kwa hamu, fomu zimebadilika vipi, mashine tunayotumia ni ya aina gani. Hakunilaumu hata siku moja. Laiti angenilaumu. Nilikuwa na majibu tayari, nimeyapanga vizuri, yote yanaanza na neno matanga.

Alizikwa miaka michache iliyopita. Kwenye mazishi nilipewa nafasi ya kusema kama rafiki wa tangu shule. Nikaeleza jinsi alivyokuwa wa kwanza kwenye mstari, jinsi msiba wa bibi yake ulivyoangukia wiki ile, jinsi desturi ilivyonifunga mdomo. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma, tena wakituhurumia sote wawili. Mtoto wake mkubwa alikuja kunishika mkono, akaniambia, "Pole, mama, hata wewe uliumia."

Sikuwaambia ya mtoni.

Ilikuwa Jumatano ile, siku moja kabla ya kumzika bibi yake. Tulitumwa maji, sisi wawili tu. Pale mtoni hapakuwa na maiti, hapakuwa na mzee wala mwanamke wa kunitazama kwa jicho kali. Palikuwa na maji na mawe, naye alikuwa ameinama anajaza debe lake. Bado palikuwa na wakati. Basi la jioni lilikuwa halijapita Bumala, angeweza kumwomba baba yake ruhusa, angeweza hata kutoroka na vyeti vyake ndani ya leso. Na aliniuliza. Kwa kinywa chake mwenyewe, bila kuniangalia, aliniuliza, "Kule Busia hakujasikika kitu?"

Nimejitetea kwa mambo mengi. Kwamba nilishtuka, kwamba nilizoea kunyamaza, kwamba nilidhani mzee wa malori atangoja. Ukweli ni kwamba niliiona meza ile ya Malaba, nikajiona mimi nimekaa nyuma yake, na nilikuwa na swali mbele yangu ambalo jibu lake ni neno moja.

"Bado," nikamwambia.

"Haya," akasema. "Basi tungoje pamoja."

Kisha akaweka debe lake chini, akaja akanisaidia kujitwika langu kwanza.