Siku Jua Lilipopatwa, Nyar Mfangano Akapanda Kabla Yangu

Kabla hujasema bibi huyu ameanza kupotewa na akili, jua kwamba bado natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Nilimwona. Ilikuwa mchana, hapa kwetu Nyatike, na sikuwa nimelala wala kulewa.

Mimi ni mikayi, mke wa kwanza. Kwetu Waluo hakuna mbegu inayoingia ardhini kabla mikayi hajapanda yake. Mke mdogo akinitangulia, chira, laana ya kuvunja mwiko, inaingia bomani, mtoto anakonda mpaka anabaki macho tu. Hiyo heshima ni yangu. Uzuri ulikuwa wa Nyar Mfangano, mke mwenzangu, aliyeletwa kutoka kisiwa cha Mfangano na shingo ndefu na meno meupe. Akafa kijana. Na kufa kijana ni ujanja, niamini: mimi nimezeeka mbele ya mzee, mume wetu, yeye hana kunyanzi hata moja.

Asubuhi ya kupanda, mjukuu wangu Adhiambo alinionyesha kikaratasi alichotoboa tundu.

"Dani, usiangalie jua kwa macho. Mwalimu amesema mwezi utapita mbele yake."

"Upite tu," nikamwambia. "Lakini mimi sipandi jua likiwa gonjwa."

Akaenda shule. Nikaweka ungo wa mbegu chini ya mpera ulio kando ya shamba, nikangoja.

Mwanga ukafifia kama koroboi inayoishiwa mafuta. Kuku wakaingia kulala. Jua lililopenya majani ya mpera likaanguka chini vipande vipande, kila kipande kimepinda kama mwezi mchanga. Miezi midogo ilijaa kwenye udongo, kwenye leso yangu, kwenye mikono yangu. Nikashangaa nayo, na nilipoinua macho, ungo haukuwepo.

Nyar Mfangano alikuwa ameinama shambani, anapanda mbegu zangu.

Alipofika karibu na mpera nikamtazama vizuri. Ile miezi midogo haikukaa kwenye nguo yake. Ilimpita ikaanguka ardhini, kama hakuna mtu hapo. Unafikiri niliogopa? Wivu hauachi nafasi ya woga.

"Nyieka!" nikamwita, maana mke mwenza huitwa hivyo hata akiwa maiti. "Toka shambani kwangu! Hujui nani huanza hapa?"

Hakuinua kichwa. "Wewe unangoja jua lirudi," akasema. "Kwangu halirudi."

"Mume ulininyang'anya. Sasa na mbegu?"

Akacheka kile kicheko chake cha puani. Nikamgeukia mzee awe shahidi wangu. Mume wetu huyo, Baba Otieno, alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba, anatabasamu. Nimemzalia watoto tisa, na tabasamu hilo sijawahi kulipata.

"Muache amalize mstari, Mikayi," akaniambia taratibu.

Jua liliporudi, hakukuwa na mtu shambani. Ungo ulikuwa chini, mbegu zimepungua. Niliongeza mistari yangu kwa hasira.

Nikangoja chira. Watoto hawakuugua. Mahindi yalikubali, na mstari wake ndio ulitangulia kuota. Lakini tangu siku hiyo, jioni zote, mzee hubeba kiti chake akakaa kando ya mstari ule mpaka nimwite kula. Na kila msimu, kabla sijapanda, nakuta ameacha konzi ya mbegu hapo mwanzo wa mstari. Hasemi ni ya nani. Mimi niliyemlimia ujana wangu wote, hajawahi kuniwekea hata punje.

Kwa hivyo wewe mke mkubwa, ukisikia jua litapatwa siku yako ya kupanda, usingoje lipone. Panda hapo hapo, giza likiwa giza. Mwalimu hajadanganya, ni mwezi unapita. Lakini yeye hajui nani hupita nao. Na kabla hujainama na jembe, geuza kiti cha mume wako kitazame ukuta.