Mtaro Alionionyesha Baba

Jirani yangu anajenga. Kila asubuhi mafundi wake wakiumwagia maji ukuta mpya, ile harufu ya saruji mbichi inaingia mpaka chumbani kwangu. Wengine wanaipenda. Mimi, nawaambieni ukweli, inanitia haya, bibi mzima mwenye wajukuu. Inanirudisha Nachingwea ya miaka ya hamsini, mji ulioota porini ghafla kwa sababu ya mashamba ya karanga ya Wazungu, na baba yangu amesimama ndani ya mtaro.

Sisi tulikaa Nkowe, kwa ndugu zake mama, kama ilivyokuwa desturi yetu Wamwera: mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, na watoto huhesabiwa wa ukoo wa mama. Kwa hiyo mwenye sauti pale nyumbani alikuwa mjomba, kaka yake mama, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Baba alikuwa mkwe tu, mpole, wa kulima na kunyamaza. Jambo moja ndilo lililomfungua mdomo. Aliwahi kufanya kibarua Nachingwea wakati mji unajengwa, na watu wakikaa kubangua korosho, hakosi kusema, "Nachingwea ile tumeijenga sisi." Mjomba humjibu, "Wewe na nani, shemeji?" Watu hucheka, na baba naye hucheka. Mimi sikucheka hata siku moja. Roho iliniuma.

Basi mwaka mmoja, ufuta ulipokwisha kuuzwa, baba akaniambia, "Somoe, twende ukauone mji." Mama akanishonea gauni la maua. Tukaenda kwa baiskeli, mimi nyuma kwenye keria mpaka makalio yakafa ganzi, tukalala kwa jamaa zake pembezoni mwa mji. Asubuhi tukaiacha baiskeli pale, tukaingia mjini kwa miguu.

Jamani! Kwetu bati lilikuwa la shule tu, tena lenye kutu. Kule mabati yalimetameta kila upande mpaka macho yakanitoka machozi. Maduka ya Wahindi yalijipanga mstari mmoja, yameshikana mabega, kila moja na baraza lake la saruji na nguzo zilizopakwa chokaa. Nilikuwa pekupeku, na saruji ile ilikuwa baridi na laini chini ya nyayo, kama tumbo la mtungi. Nikawa napanda baraza hili, nashuka, napanda la pili, kwa raha ya miguu tu. Ndani kulinuka mafuta ya taa, bizari na nguo mpya, na nje saruji mbichi ya duka lililokuwa bado linajengwa. Kanga zilining'inia, karabai zilining'inia, hata baiskeli zilitundikwa darini kwa kamba, sijui zilikosa nini. Kwenye kioo cha dirisha moja nikamwona mtoto wa kike anayejishaua na gauni kama langu, nikamchukia papo hapo. Kumbe ni mimi.

Kila tulipofika penye jengo kubwa niliuliza, "Ndiyo yako hii, baba?" Posta, hospitali, nyumba za Wazungu zenye madirisha ya wavu. Baba akajibu, "Bado, twende."  Nilijua kubwa kuliko yote ndilo linalobakizwa mwisho.

Tukarudi mpaka mbele ya maduka yale yale. Baba akasimama. "Ndiyo hii," akasema.

Nikatazama juu, nikatazama kushoto. Baba alikuwa anatazama chini. Ulikuwa mtaro. Mtaro wa maji ya mvua, mrefu, umepita mbele ya maduka yote.

"Tuliuchimba kwa sururu na beleshi," alisema, uso umemng'aa. "Kabla yake, mvua ikinyesha magunia ya sukari yanaelea humo madukani. Tulipoumaliza, halikuingia tone." Kisha, sijui furaha ilimzidi, akaruka ndani. Ikabaki kuonekana kofia yake tu na mabega. Akaanza kuzoa majani makavu kwa mikono, huku ananiita: "Ingia, Somoe, uone ulivyo na kina!"

Fundi cherehani aliyekuwa barazani akasimamisha mguu, akacheka. Watoto wa mwenye duka wakatoka na pipi midomoni, wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema, "Nitachafua gauni," nikasogea mpaka kwenye nguzo ya duka jingine, kama mtoto wa watu wengine kabisa.

Baba akatoka mwenyewe, akajipangusa magoti. Hakukasirika. Aliniuliza kama nataka biskuti.

Usiku tuliporudi Nkowe ukoo mzima ulikuwa unatusubiri. Mjomba hakungoja hata tunawe. "Haya, mpwa wangu, umeiona Nachingwea ya baba yako?" Na kile kicheko chake kikaanza kuchemka. Ulimi ukanitoka mbio. Nikasema nimeiona. Nikasema baba amejenga ghorofa, chini duka, juu wanalala Wazungu, na ngazi zake zinang'aa. Kila nilipoona macho yao yanapanuka niliongeza dirisha. Mjomba aliacha kucheka. Aliinuka akampa baba mkono, na mimi nikajiona nimemkomboa. Baba alinitazama mara moja, akaenda kunawa.

Ijumaa, baada ya sala, watu walikaa nje ya msikiti wetu wa udongo, wanaume huku, wanawake na watoto kule. Mjomba akasimama. "Jamani, tumehangaika kutafuta fundi wa kuujenga msikiti huu kwa mawe na saruji, kumbe fundi tunaye, tumemwoza dada yetu! Shemeji, lini unaanza?"

 Baba aliinuka taratibu. "Mimi si fundi," akasema. "Kule nilichimba mtaro."

 Mjomba akageuka kututazama sisi watoto. "Sasa yule Somoe alituambia nini?" Mtoto mwongo kwetu alichapwa mbele za watu, nami nilikwisha kujificha nyuma ya mama.

"Mtoto hana kosa," baba akajibu. "Mimi ndiye niliyemwonyesha nyumba ya watu nikamwambia yangu."

Walicheka mpaka wengine wakalala chali. Tangu siku hiyo jina lake likawa Bwana Ghorofa. Watoto walimwimbia njiani, wakubwa walimwamkia nalo, naye aliitika. Lakini ule usemi wake wa "tumeijenga sisi" sikuusikia tena.

Miaka mingi nilijidanganya kwamba nilisema vile kwa kumpenda. Nilipokuwa na watoto wangu ndipo nilipoelewa kwamba baba hakuwa na aibu yoyote alipokuwa mtaroni. Alikuwa na furaha, na alitaka niingie tu. Mwenye kuona aibu nilikuwa mimi. Nikaja nayo hadi nyumbani, nikamvika yeye, akaivaa maisha yake yote bila kunisema.

Alipofariki, mzee mmoja alitoka mbali, Matambarale, kuja kutupa pole. Jina la marehemu halikumkaa vizuri kichwani, akaniuliza kwa upole, "Bibie, aliyefariki si yule Bwana Ghorofa, yule aliyemdanganya mtoto wake?"

Nikamjibu, "Ndiye."