Wamekula Samaki Wangu, Leo Wanasema Nanuka

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana wenzangu wa nyumba nao wanasoma ukurasa huu na midomo wanayo. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, Mtanzania wa Kigoma, nasomea mambo ya samaki chuoni. Likizo hii ndefu nimepata kazi ya miezi mitatu hapa Kisangani, Kongo: kupima samaki wanaovuliwa kwenye maporomoko ya mto. Nimebakiza wiki tano, na sirudi nyumbani kabla ya hapo.

Nimepanga fleti na wenzangu wawili. Mkubwa wetu ni Ya Solange (hapa "ya" ni dada mkubwa), ana duka la vitenge Makiso, katikati ya mji, na kwao ni wafanyabiashara wa Butembo. Mwingine ni Nadège, muuguzi, rika langu. Kila mtu ana chumba chake, jiko na sebule ni vyetu sote, na majina yote matatu yako kwenye mkataba. Hilo la mkataba mlishike.

Siku ya kwanza niliingia na sanduku moja na shikamoo mdomoni. Ya Solange alicheka mpaka akakaa. "Weye Mutanzania, miye niko na myaka makumi tatu tu, unanisalimia sawa koko yako?" Yaani kama bibi yangu. Tulianza vizuri, nisiseme uongo. Walinifundisha kupanda toleka, ile teksi ya baiskeli, na kutwanga ndizi za lituma, ule ugali wa ndizi.

Sasa kule maporomoko kuna utaratibu wao. Vikapu vya kuvulia vikipandishwa, kila aliyekuwepo anapata fungu lake kabla samaki hawajaenda sokoni, hata mgeni wa kushika rula kama mimi. Mara ya kwanza nilikataa kwa adabu, na Papa Alphonse, mkubwa wa wavuvi, akanuna. "Mwenye iko na siye ku mayi, anakula na siye," akaniambia; mayi kwao ni maji. "Ukikataa, ni kusema chakula yetu iko mubaya?" Nikapokea. Tangu hapo kila jioni nilirudi na samaki wawili watatu, tukala fleti nzima. Mwezi mzima sikusikia neno harufu. Mpaka mifupa Ya Solange alikuwa anaifyonza.

Kisha mke wa mlinzi wetu, wanaoishi chumba cha chini, akajifungua. Mzazi anahitaji mchuzi, nani asiyejua? Nikaanza kumpelekea yeye wale samaki. Wiki haikuisha nikaitwa sebuleni.

"Dada, harufu ya samaki iko naingia mpaka mu manguo," Ya Solange akaanza. "Ba cliente banaweza sema niko naishi na muvuvi. Bon, uchague: uombe kazi ya mu bureau, ao samedi utoke." Yaani niombe kazi ya ofisini, au Jumamosi nihame. Nadège alikuwa anaangalia kucha zake.

Niliumia jamani, na si kwa sababu ya chumba. Mama yangu anaanika dagaa Kigoma tangu sijazaliwa, na harufu hiyo ndiyo iliyonisomesha. Shuleni watoto waliziba pua nikipita, nikarudi nyumbani nalia, mama akanifulia sare na kunirudisha darasani. Leo nije kuionea aibu ukubwani, tena kwa ajili ya mtu aliyekuwa anafyonza mifupa yangu? Nikawaambia, "Kazi siachi, na chumbani sitoki."

Jumamosi nikakuta sanduku langu koridoni. Nikalirudisha ndani, nikampigia mwenye nyumba, tunamwita Tonton, na simu nikaiweka sauti kubwa wasikie wote. "Majina iko tatu mu kontra," akasema. "Hakuna mwenye atafukuza mwenzake. Mupatane." Tangu siku hiyo salamu hakuna. Napika peke yangu, nakula peke yangu, na uongo dhambi, upweke unauma. Kuna siku nilikula nimesimama jikoni ili nisiwaone.

Sasa leo mchana Ya Solange kanigongea mlango, taratibu kabisa. Baba yake anafika Jumapili kutoka Butembo, hajawahi kumtembelea, na ameomba kitu kimoja tu: kula samaki wa maporomoko. "Mutoto, utatuletea hata mbili?" Pole hakuna, samahani hakuna.

Nikamwambia, "Ya Solange, kule anapewa aliyekuwepo. Kesho saa kumi na moja alfajiri natoka. Vaa nguo ya kulowa, twende."

"Miye? Na ile harufu?"

"Utarudi nayo," nikamjibu.

Akaondoka, na mpaka sasa sijui kama anakuja. Mzee wa watu hana kosa, najua, na nikimwomba Papa Alphonse samaki wa ziada hatanikatalia. Lakini nikiwaleta, nitakuwa nimemsamehe mtu ambaye hajaniomba msamaha. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Asipokuja kesho nimbebee samaki, au baba yake ale sombe tupu, yaani kisamvu? Ila anayetaka kuniambia nihame, au nijipake manukato, asijisumbue kuandika. Nguo zote nimeshazitoa sandukuni, na sanduku lenyewe nimelisukuma chini ya kitanda.