Meza Niliyoilaza kwa Miwani Mpya

Meza hii ninayoandikia imeinama. Ukiweka bakuli la mchuzi juu yake, mchuzi unasogea upande wa dirisha na kukaa huko. Mke wangu huikunjia karatasi chini ya miguu, mimi naitoa. Anadhani ni ukaidi wa uzee. Acha nieleze, ingawa mimi nikianza kueleza huwa napotea njia. Mtanivumilia. Darasani sikukaa sana, randa ndiyo iliyonilea.

Macho yalianza kunisumbua polepole. Mstari wa penseli juu ya ubao ukapata mwenzake pembeni, na jioni nikirudi kwangu mtaani Rwezamenyo kutoka kazini, taa zote za njiani zilikuwa zimeota ndevu. Nikasema ni vumbi la msasa. Mimi kila kitu ni vumbi la msasa, hata kikohozi, hata hasira. Binti yangu ndiye aliyenipeleka kwa mpima macho, msichana mdogo tu, akanikalisha gizani akinibadilishia vioo na kuniuliza, "Muzehe, hiki au hiki?" mpaka nikaanza kumwonea huruma. Mwisho akaniambia kwamba jicho langu halikuviringana kama mpira, limekaa kama yai. Ugonjwa unaitwa astigmatizimu. Jina hilo mpaka leo siwezi kulisema bila kupumzika katikati.

Siku ya kunikabidhi miwani alinionya. "Mwanzoni sakafu utaiona kama mteremko, na milango kama imelala. Ivae hivyo hivyo, utazoea. Na ngazi uzishuke taratibu." Ngazi nilizikumbuka. Mengine yaliingia yakatoka, maana kusema kweli nilikuwa najitazama kwenye kioo chake, nikijiona kama katibu wa ofisi fulani.

Sasa, kule Gisozi nafanya kazi ya useremala na mwenzangu mmoja aliyekulia Burundi, mtu wa kanisani sana, maneno machache, mikono mizuri. Tangu tufungue karakana tuna desturi yetu. Aliyetengeneza kitu hakipitishi yeye. Mwingine anasimama mlangoni, anafumba jicho moja, anakichungulia, na akisema kimepinda basi kimepinda. Hakuna ubishi. Kazi yako mwenyewe unaitazama kwa mapenzi, ndiyo sababu.

Asubuhi ya kwanza ya miwani, nilimkuta amemaliza meza ya libuyu, ile mbao nzito ya Congo. Aliyeiagiza ni mama mmoja anayemwoza binti. Huku kwetu upande wa msichana ndio unaopeleka vyombo vya nyumba mpya, na wakwe wanavitazama kimoja kimoja, kwa hiyo mama mwenye harusi halali usingizi. Alikuwepo pale, mkoba ameukumbatia kifuani. Nikasimama mlangoni, nikafumba jicho moja.

Upande wa kushoto ulikuwa juu. Niliuona wazi kama ninavyouona mkono wangu.

"Imeinama," nikasema.

Mwenzangu akachukua pimamaji, akailaza juu ya meza. Povu likatulia katikati.

"Muzehe, maji inasema iko sawa."

"Pimamaji hiyo ilianguka juzi. Maji nayo yanazeeka."

Yule mama akanitazama mimi, kisha mwenzangu. "Baba, wakwe zangu ni watu wa kutazama," akamwambia. "Sitaki kuchekwa."

"Hutachekwa, mama," nikajibu mimi kabla mwenzangu hajafungua mdomo. "Ndiyo maana mimi nipo."

Maneno hayo, ndiyo maana mimi nipo, hunirudia hata nikiwa natawadha.

Mama akaenda zake, atarudi kabla ya harusi. Mwenzangu akapindua meza, akapunguza miguu miwili ya kushoto. Nikachungulia tena, nikasema sasa ndiyo meza.

Jioni nikafika nyumbani na miwani yangu usoni. Mlango wa chumba, ambao fremu yake niliitia mwenyewe nikiwa na nguvu zangu zote, umelala. Dirisha limelala. Mke wangu amesimama na sufuria kama mtu anayeteremka kilima. Nikavua miwani, mlango ukasimama. Nikavaa, ukalala. Ndipo maneno ya yule msichana wa miwani yaliporudi, yote, na mimi nikakaa kitandani bila kuvua viatu.

Kesho yake ningesema. Nilikwenda na maneno yangu tayari. Nikamkuta mwenzangu ameitupa pimamaji kwenye boksi la misumari iliyopinda, anapiga randa ubao wa kawaida tu wa rafu. Akaniinulia kichwa: "Muzehe, hapa iko sawa?" Mtu huyo hajawahi kuniuliza swali hilo katikati ya kazi. Ningejibu kwa moyo safi kama ningekuwa nao. Nikasema, "Iko sawa," nikaenda kutafuta gundi ambayo sikuihitaji.

Basi siku zikaenda hivyo. Macho yakaanza kuzoea, kama nilivyoambiwa. Na jinsi mlango wangu nyumbani ulivyozidi kusimama, ndivyo meza kule karakanani ilivyozidi kuinama. Nikaitupia turubai. Nikasema ni kwa ajili ya vumbi.

Mchana mmoja tunakula maharage, yeye akasema, akiangalia sahani, "Binti yangu ana duka Niboye. Nafikiri nitaenda kukaa pale, niuze sabuni."

"Kwa nini?"

"Mikono imeisha, Muzehe. Ile meza niliipima mara nyingi. Mimi niliiona iko sawa kabisa."

Nikasukuma sahani pembeni. Nikavua miwani, nikampa. "Vaa."

Akavaa, akasimama, akashika ukuta. "Eh, Muzehe. Watu wote wamelala upande." Akacheka, akanyanyua mguu kama anavuka mfereji, nami nikacheka naye kwa woga. Kisha akavuta turubai. Akaitazama meza kwa miwani yangu.

"Hapa naiona iko sawa," akasema.

Akavua miwani. Akaitazama tena kwa macho yake. Kicheko kikaisha.

"Ulijua lini?"

"Jioni ile ile."

Akaifuta miwani kwa pindo la shati, taratibu, akanirudishia. "Ungeniambia asubuhi yake, tungecheka tu."

Niboye hakwenda. Pimamaji aliitoa kwenye boksi, akaisafisha. Mama alipokuja nilimweleza mimi, mbele ya mwenzangu, kwamba fundi hakukosea, jicho langu ndilo lililokosea. Tukamtengenezea nyingine kwa haraka, mimi nikipiga msasa tu. Ile ya kwanza nikaileta nyumbani.

Ila sasa, mwenzangu akimaliza kitu, anamwita mchomeleaji wa jirani aje kuchungulia. Kijana wa watu anafumba jicho mpaka mdomo unapinda, kwa raha ya cheo. Kazi zangu mwenzangu bado anazipitisha kama zamani. Anasimama mlangoni, anaangalia, anasema iko sawa, anarudi kwenye benchi lake.

Miwani nimeizoea kabisa. Mlango umesimama, dirisha limesimama. Ndani ya nyumba yangu kilicholala ni hii meza peke yake, na mke wangu sasa hivi anakuja na karatasi yake.