Kahawa Chungu ya Bi Najla

Nilikwenda Durban kwa sababu Mzee Yusufu hakuweza kwenda mwenyewe. Nalisema hili mapema, maana hapa Tanga wapo waliovumisha kwamba nimekwenda kutafuta maisha nikiwa na miaka hamsini na miwili, na wengine wakasema nimemkimbia mke wangu. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyenifungia mkoba.

Mzee Yusufu ndiye aliyenifundisha ufundi. Ni Mlebanoni aliyezaliwa Durban, akaja Tanga angali kijana kutengeneza mashine za kuchakata mkonge, akamwoa Bi Agnesi, Mbondei wa Muheza. Siku zile sheria za Afrika Kusini ziliwaandika Walebanoni kuwa ni wazungu, na mzungu hakuruhusiwa kuoa mtu mweusi. Kurudi kwao na mke ikawa haiwezekani. Baba yake alimwandikia barua moja tu, kumwambia asijihesabu tena kuwa mwanawe. Basi mzee akabaki nasi. Miaka ikapita, Bi Agnesi akafariki, zile sheria nazo zikafutwa, baba mtu naye alikwisha kuzikwa. Lakini miguu ya mzee ilikuwa haimbebi tena, na masikio yalizibwa na kelele za mashine, hata simu haimfai. Aliyekuwa akimuwaza ni dada yake mmoja, Najla. Hawakuwa wamepeana habari kwa zaidi ya miaka arobaini.

"Nenda kaniangalizie kama yu hai," aliniambia. "Akiwa hai, muulize kama mimi bado ni kaka yake. Jibu lolote atakalokupa uniletee, usilitie chumvi."

Aliuza mashine yake ya kukereza vyuma ili nipate nauli. Akanipa picha aliyopigwa mwaka ule, 1998, na anwani ya nyumba yao ya zamani, Glenwood. "Utaijua kwa mzabibu," alisema. "Umetanda barazani." Mimi nikaongeza kopo la kahawa, maana mkono mtupu haulambwi. Isitoshe, mzee na kahawa ni chanda na pete. Kila alasiri hunywa nasi kijiweni, chungu kama tunavyokunywa sote, ila yeye hata kashata haigusi. Tukimuuliza, hucheka na kusema, "Hii ni kahawa ya msiba." Tulidhani ni utani wake.

Dar es Salaam nilipanda treni ya Tazara. Mpaka Mbeya nilikuwa bado nyumbani: watu wanauliza habari za mkonge, mama mmoja ananigawia mihogo ya kukaanga, mimi nasikiliza injini na kujua fundi wake ni mvivu. Tulipoingia Zambia sauti zikaanza kubadilika. Kapiri Mposhi nikashuka, nikachukua basi la Lusaka, kisha la Harare.

Kusini mwa Harare sikuwa na mtu wa kusema naye Kiswahili. Siku mbili nzima Kiswahili changu kilikaa mdomoni bila kazi, nikajikuta nazungumza na kopo la kahawa. Hapo ndipo nilipomhurumia Mzee Yusufu kwa mara ya kwanza. Nimemjua tangu nikiwa na miaka kumi na sita, nimekula kwake, nimemzika mkewe pamoja naye, na sikuwahi kujiuliza lugha ya mama yake alikuwa akisema na nani.

Durban nilifika Alhamisi asubuhi kwa basi la Johannesburg. Mpwa wangu Shabani, anayesoma chuo kikuu, alinipokea na kunipeleka Glenwood alikopanga chumba. Mji una vilima, na kutoka kilimani unaona bandari na makontena yaliyopangwa rangi kwa rangi. Hewa ilikuwa na chumvi na joto la Tanga hasa. Nilifumba macho kidogo, nikasikia hamu ya nyumbani, nami nilikuwa sijamaliza hata wiki mbili!

Ijumaa alasiri tuliitafuta nyumba. Mzabibu tuliuona kabla ya namba ya nyumba. Shina lake nene kama paja la mtu, matawi yamefunika baraza yote, majani mabichi ya majira ya mvua za Oktoba. Lakini waliotoka ndani walikuwa wanafunzi wapangaji. Shabani alizungumza nao, kisha akanigeukia.

"Mjomba, nyumba ndiyo hii, ila wenyewe waliiuza zamani. Hawamjui Najla yeyote."

Niliketi ngazini. Msichana mmoja miongoni mwao akaongeza neno, Shabani akatabasamu. "Anasema kuna bibi mmoja mweupe huja kuchuma majani. Msimu huu huja kila Jumamosi. Hawajui anayafanyia nini, humwachia tu."

Jumamosi tulikuwa pale tangu saa mbili. Wakati wa kungoja tulishuka mara moja hadi soko la Warwick kununua tangawizi, tukapishana na wachukuzi wenye mikokoteni na akina mama wauza mizizi ya dawa, tukarudi mbio. Saa tano gari dogo likasimama. Alishuka mwanamume wa makamo, akamshika mkono bibi kizee mwembamba mwenye kikapu. Sikuhitaji kuuliza jina. Pua ilikuwa ya Mzee Yusufu.

Bibi alianza kuchuma, jani moja moja, yale laini ya kwenye ncha, akiyapanga kikapuni. Nilimnong'oneza Shabani, "Ndiye." Yule mwanamume akageuka ghafla.

"Papa, hiyo Kiswahili yako njo ya wapi?"

Karibu nimkumbatie. Aliitwa Elias, Mlebanoni vilevile, mzaliwa wa Lubumbashi, Kongo, ambako "ndiyo" yetu wao husema "njo". "Vita ilinifukuza kule," alisema. "Sasa niko na duka ya vitambaa hapa, karibu na Warwick. Mama huyu hana mutu, njo mimi namubeba kwa gari."

Nikamwambia natoka Tanga, nimeleta habari za kaka yake bibi. Kabla sijasema ni habari gani, Elias alinishika mkono.

"Usiseme kitu hapa! Moyo yake iko zaifu. Kwetu habari ya mbali haisemwe kwa njia. Kesho ni dimanche, nyuma ya misa, kuja kwake. Tutakunywa kahawa kwanza, njo utasema."

Niliona ni adabu. Hata kwetu mgeni hamwagi habari mlangoni. Elias alimwambia bibi kwa Kiarabu kwamba mimi ni mgeni kutoka Tanga na nina maneno. Bibi aliacha kuchuma. Alinitazama kitambo, kisha akaendelea, lakini sasa alichuma hata yale magumu yasiyofaa.

Jumapili mchana nilivaa kanzu, nikaenda na kopo langu. Bi Najla aliishi ghorofani, dirisha likitazama winchi za bandarini. Nilidhani nitamkuta peke yake. Walikuwa watu kumi na zaidi, Walebanoni wa kanisani kwake, wamevaa vizuri na wameketi kimya. Mezani palikuwa na yale majani ya mzabibu, yamefungwa wali na nyama, membamba kama vidole. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya mlima wenye theluji.

"Kwetu," Elias aliniambia, akiuonyesha.

"Umewahi kufika?"

"Mi? Hapana. Hata yeye mama hajafika. Babu yake njo alitoka kule, akauza vifungo na sindano kwa mulango na mulango. Lakini njo kwetu."

Bi Najla alisema neno. Elias akanifasiria: "Mama anaomba upike weye kahawa, namna munakunywa kule Tanga. Mikono yake inatetemeka."

Nilifurahi mno. Niliingia jikoni nikaonyesha ufundi. Tangawizi niliitwanga, kahawa nikaichemsha hata ikawa nyeusi ya kung'aa, nikaimimina katika vikombe vidogo. Kikombe cha kwanza nilimpa yeye kwa mikono miwili. Akaonja. Akasimamisha kikombe hewani, akauliza jambo kwa sauti ndogo.

"Anauliza," Elias akasema, naye uso umembadilika, "umesahau sukari?"

Nami kwa majivuno yote ya mtu wa Tanga nikajibu, "Hapana, sikusahau. Kahawa hii haitiwi sukari."

Elias alifasiri polepole. Bi Najla aliweka kikombe, akavuta shela kufunika uso, akapiga ukelele mmoja: "Yusuf!" Watu wote wakasimama. Wanawake wakamzunguka, wanaume wakawa wanasema maneno ambayo mimi, mtoto wa Kiislamu, niliyatambua mara moja, maana ni ya kumwombea rehema marehemu.

"Hajafa!" nikapiga kelele. "Yu mzima! Wallahi yu mzima!" Nikaitoa ile picha. Elias alikuwa akilia na kufasiri kwa pamoja, sijui hata alisema nini. Bi Najla aliitwaa picha. Akamtazama mzee mwenye kofia ya kiua, ameketi kijiweni na kikombe mkononi. Kisha akavua ndara yake akanichapa nayo begani, mara mbili. Wanasema mjumbe hauawi, ila kuchapwa hawakukutaja.

"Eish, papa," Elias alisema akifuta macho. "Kwetu kahawa bila sukari ni ya kilio. Ya furaha iko na sukari. Ukimupa mutu chungu, umeisha kumuambia."

Nikakumbuka maneno ya kijiweni, kahawa ya msiba, nikatamani sakafu inimeze.

Chumba kilipotulia, Bi Najla alisimulia, Elias akinifasiria kidogo kidogo. Habari za ndoa ya Yusufu zilipofika Durban, baba yao alifunga duka siku tatu. Akatundika kitambaa cheusi mlangoni, akaalika watu, akawanywesha kahawa chungu kwa ajili ya mwana aliye hai. Aliyezungusha sinia alikuwa yeye, Najla. Alitaka kuimwaga kahawa ile kwenye mizizi ya mzabibu, akamwogopa baba. "Nimemlilia kaka yangu mara mbili," alisema, "na mara zote mbili alikuwa mzima."

Ndipo nikatoa swali nililotumwa. "Mzee anauliza kama yeye bado ni kaka yako."

Bi Najla aliondoka akaenda jikoni peke yake, akamkataza kila aliyetaka kumsaidia. Tulisikia vikombe vikigongana. Alirudi na sinia, kahawa inamwagika kwa vile mikono ilivyotetemeka, akatuzungushia mmoja mmoja. Kahawa ilikuwa tamu ya kuumiza meno. Tuliinywa yote.

Nikamwomba aandike barua. Akakataa. Alisema barua ndiyo iliyowatenganisha. Badala yake alichukua kopo langu, akahamisha kahawa iliyobaki katika chupa yake, akaliosha, akalikausha kwa nguo, akalijaza sukari hadi ukingoni. "Mwambie," alisema, "hii ndiyo niliyopaswa kuizungusha siku ile."

Jumanne nilianza kurudi. Mpaka wa Limpopo ofisa wa forodha alifungua kopo, akachovya kidole, akalamba, akanitazama kama mwehu. "Sukari? Mpaka Tanzania?" Nikamwambia kwetu ni adimu. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza. Njia nzima nililipakata, na treni ilipoingia Tunduma na watu wakaanza kuamkiana kwa Kiswahili, nilijibu salamu hata za wasionisalimu.

Tanga nilifika alasiri, wazee wakiwa kijiweni. Mzee Yusufu aliniona kwa mbali, akashika mkongojo kutaka kuinuka, nikamuwahi. Nikamwandikia kwenye karatasi, kama tunavyozungumza naye siku hizi: "Yu hai. Jibu lake ni hili." Nikampa kopo.

Alilifungua. Alitia kidole, akaonja. Nikamwandikia tena: "Kahawa ya furaha aliizungusha mwenyewe, kwa mkono wake."

Mimi nilikuwa nikidhani mtu husahau kwao akishapata kazi, mke, na watu wa kunywa nao kahawa. Mzee Yusufu alivipata vyote hivyo kwetu, na bado kila alasiri kwa miaka arobaini aliketi katikati yetu akinywa kilio chake, nasi tukicheka naye. Sikuona haya maishani mwangu kama niliyoiona alasiri ile.

Akamwomba muuza kahawa kikombe, akatia sukari vijiko vitatu. Wazee wakaangua kicheko. "Yusufu! Kahawa na sukari? Leo umekuwa mtoto?"

Hakuwasikia, lakini aliona midomo yao. Akakoroga taratibu, machozi yakimtiririka ndevuni, akatujibu wote kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia:

"Msiba umekwisha."

Akanywa mpaka chini, kisha akanyoosha kikombe aongezewe.