Saa ya Mzee Mikidadi na Cheti cha Hatibu

Hatibu wa Bigwa ni mtani wangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema, na hata kama nisingekuwa nayo ningemsema vilevile. Alikaa miaka michache shule ya Wadachi, yaani Wajerumani, akarudi Morogoro amenyoosha shingo, akajipa kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kupima saa za mfukoni zilizokwisha tumika. Wasimamizi wa reli na makarani walikuwa wakiuziana saa hizo, na Hatibu hakosi. Atazinusa, atazing'ata kwa meno ya mbele, atazisikiliza amefumba macho, kisha ataziandikia cheti cha umri na kukigonga muhuri aliouchonga mwenyewe kwa mti wa mpera. Upuuzi mtupu.

Mwaka ule wa 1910 alitaka kumwoa Asia. Kwetu Uluguru mwenye neno juu ya binti ni mjomba wake, na mjomba wa Asia ni Mzee Mikidadi. Mzee alikuwa amenunua saa ya dhahabu kwa msimamizi mmoja kule Ngerengere, na sasa alikuwa na hofu ya kweli: watu wa boma wakimwona mtu wa mlimani na dhahabu mfukoni, watamwita mwizi na kumchapa viboko.

"Niandikie cheti cha maana, niwaonyeshe wakinikamata," akamwambia Hatibu, "nami nitakupa jibu la Asia."

Tukakusanyika barazani kwa mzee, na Noorali mwenye duka akaalikwa kushuhudia. Hatibu akafungua kifuniko. Ndani mlichorwa mwaka kwa tarakimu za Kiarabu: 1294. Akapiga hesabu kwa kidole hewani, akautoa mwaka huo katika 1910 ya Wadachi, akatangaza kuwa saa ina umri wa miaka mia sita na kumi na sita. Mwislamu huyu, anayefunga Ramadhani kila mwaka, hakukumbuka kuwa wapo watu wanaohesabu miaka tangu Hijra, na kwamba yeye ni mmoja wao! Akaandika, akagonga muhuri.

Noorali aliichukua saa, akaigeuza, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Hii ilikuwa yangu! Mimi ndiye niliyemuuzia yule msimamizi. Baba aliuchora humo mwaka niliozaliwa. Kwa cheti hiki nami nina miaka mia sita na kumi na sita! Mzee Mikidadi, kumbe siku zote nakuamkia bure. Leo niamkie wewe."

"Shikamoo, babu," akasema Mzee Mikidadi, uso mkavu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Na bomani nitakwenda nawe, niwaeleze ilikotoka."

Baraza zima likaangua kicheko. Mwenye akili angecheka naye, akachana ile karatasi, mambo yakaisha. Hatibu akatunisha kifua.

"Cheti kimeshagongwa muhuri," akasema. "Bwana Noorali, unacho cheti cha kuzaliwa? Huna. Utajuaje ulizaliwa lini?"

Nilimwonea haya, na mimi si mtu wa kuona haya. Asia alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa, anasikia yote.

Mzee Mikidadi akaitia saa yake mfukoni.

"Asia naye hana cheti," akasema. "Nikikuoza, utajuaje kama amezaliwa?"

Asia akatoka, akatugawia kahawa mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa Hatibu akamruka.